Mtaa wa Kulinganishia

"Mtaa wenu ulikuwa wa kulinganishia," daktari alisema, akifuta miwani kwa pindo la koti lake jeupe. "Vyandarua mlivyopewa havikuwa na dawa. Utafiti ndivyo unavyofanywa."

Mkono wa Chambo ulikuwa bado ndani ya kizimba cha mbu. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na maabara ya taifa: kila asubuhi kuwalisha mbu wa utafiti, wasio na ugonjwa, kwa damu yake mwenyewe, na ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Hakuwahi kunung'unika. Aliringa na maabara yake mtaani mpaka watu wakamchoka.

Tena, maskini wa Mungu, ndiye aliyetumwa nyumba kwa nyumba kukusanya vyandarua vya zamani, vile vyenye dawa, na kugawa hivi vipya. Waliosita aliwatania, wabishi akawabembeleza. Aliyegoma hasa ni dada yake. Chambo akamwapia kwa kaburi la mama yao kwamba vipya vina dawa kali zaidi, kwa kuwa daktari alimwambia hivyo ana kwa ana, wakinywa chai.

Na juzi tu mpwa wake alitoka wodini, malaria nusura imchukue.

"Ungeniambia mimi peke yangu," Chambo alisema.

"Ungewaambia wao."

Ni kweli, angewaambia. Hapo ndipo palipomuuma. Watu wa maabara walimtuma kwa sababu mtaa mzima unamwamini, na wao wenyewe hawakumwamini hata kidogo.

Jioni alikwenda kwa dada yake, maneno ameyapanga njia nzima. Akamkuta amepiga magoti kitandani, anachomeka chandarua chini ya godoro, mtoto amelala. Dada akamsimulia kwa sauti ya chini kwamba nesi alisema mtoto ana bahati, naye akamjibu nesi si bahati, ni mjomba wake. Bila chandarua kile sasa hivi wangekuwa matangani.

"Dada," Chambo alianza.

"Taratibu, utamwamsha. Hebu nishikie hapo kwenye pembe."

Akashika. Mbu mmoja alitua juu ya kitambaa cheupe, karibu kabisa na vidole vyake, akaanza kutembea polepole, bila wasiwasi wowote, akitafuta pa kuingilia.