Siku Pua ya Ushirika Ilipogoma

Ushirika wa wakulima wa udi ulikuwa na mizani moja, keekee mbili, patasi kumi na pua moja. Pua hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Watu walishasahau jina lake la kuzaliwa. Kuanzia mwenyekiti hadi mlinzi wa geti walimwita Bi Pua, naye aliitika bila kinyongo. Hakuna kipande cha udi kilichopata daraja bila kupita chini ya pua ile. Alikuwa akikishika, akikipasha moto kidogo kwa kiberiti, akifumba macho, kisha akitoa hukumu: "Cha kwanza." "Cha pili." Akichukizwa alisema, "Hizi kuni, kachemshieni maji." Na hukumu ikishatoka, hakuna rufaa.

Basi wiki ile ile ambayo mnunuzi alikuwa anakuja kuangalia mavuno ya kwanza ya ushirika, Bi Pua aliamka na mafua.

Hayakuwa mafua ya chafya mbili tatu. Kichwa kilikuwa kizito kama gunia la mchanga, na macho yalimtiririka kama amefiwa. Siku ya tatu homa ikaondoka, kikohozi nacho kikaondoka, akashukuru. Kumbe vilipoondoka vilibeba na kitu kingine. Alikuja kugundua jikoni, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, pale mkwe wake alipoingia mbio kutoka uani.

"Mama! Maharage yanaungua!"

"Yapi?"

"Hayo mbele yako! Moshi umefika hadi kwa jirani!"

Bi Pua akaitazama sufuria. Moshi aliuona. Harufu, ng'o.

Mkwe huyu, mke wa mwanawe mkubwa, hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa amesomea misitu, na siku alipoolewa alikuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu vya kuvu. Akaipua sufuria, akafunga mlango, akaanza uchunguzi. Akaleta kitunguu kilichokatwa. Hakuna kitu. Akaleta chupa ya mafuta ya taa. Hakuna kitu. Akaenda kuleta soksi za baba mkwe, zile za kuvalia buti za shamba, na hapo mkwe mwenyewe ndiye aliyetoka nje kutafuta hewa. Bi Pua alibaki amezishika, ametulia, kama ameshika maua.

"Mama, tumwambie mwenyekiti."

"Thubutu! Mnunuzi anakuja kesho kutwa. Mwenyekiti akisikia, presha itampanda tumzike kabla ya mkutano."

"Lakini mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua, najua, methali hiyo nimeijua kabla hujazaliwa. Haya ni mafua tu."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini usiku ule hakula. Pua ile aliirithi kwa baba yake, na baba yake alikuwa mwinda udi. Mti wa udi ukiwa mzima hauna kitu ndani, ni mbao nyeupe laini isiyofaa hata mpini. Ni mpaka ujeruhiwe, kuvu iingie kwenye kidonda, ndipo mti unapojitetea kwa utomvu mweusi mzito, na huo ndio udi wenyewe. Sasa kwa nje huwezi kujua upi umeugua na upi haujaugua. Baba yake alikuwa akiangusha miti kumi ili kupata mmoja, akanusa, akaacha tisa ioze. Wenzake nao vivyo hivyo. Bi Pua alipokuwa binti wa kuvunja ungo, msitu ulikuwa na udi kila bonde. Alipopata mtoto wake wa pili, ilibaki miti mitatu ndani ya hifadhi, inalindwa kama wafalme.

Mbegu za shamba la ushirika zilitoka kwenye miti hiyo mitatu, kwa ruhusa ya idara ya misitu. Walipanda, wakangoja miaka saba huku majirani wakiwauliza lini watavuna kivuli. Kisha mkwe akapita na keekee, akatoboa kila shina matundu, akadunga kuvu yake kwa bomba la sindano, akiziba kama daktari. Miaka miwili baadaye waliangusha miti ya kwanza, na kwa kila mmoja ulioanguka walipanda miwili. Ndani kulikuwa kweusi. Kilichobaki ni mnunuzi kukubali kwamba udi wa kupandwa ni udi.

Mpango wa kuyaficha mafua hayo ulikuwa wa mkwe. Angesimama nyuma ya Bi Pua, anuse yeye, halafu akohoe: mara moja kwa daraja la kwanza, mara mbili kwa la pili, na kuendelea hadi la nne, ambalo ni la mwisho.

"Na kama ni kuni?"

"Nitapiga chafya."

Siku ikafika. Banda la bati lilikuwa limefagiliwa mpaka pembeni, na meza ndefu imetandikwa kitambaa. Mwenyekiti alivaa tai iliyomkaba hadi akawa anageuka mwili mzima akiitwa. Kando ya ukuta walikaa wachongaji watatu, kina mama ambao kazi yao ni kutwa nzima kukwangua mbao nyeupe kwa patasi mpaka ubaki udi mtupu. Mmoja wao aliitwa Redio, kwa sababu hazimwi. Afisa misitu, mwanamke mwembamba mwenye mhuri kwenye mkoba, alikuwa ametangulia shambani na mlinzi kuhesabu visiki. Kibali chake kilihusu miti ya shamba hilo tu, kila shina na namba yake.

Mnunuzi alikuwa bwana mnene mwenye koti la vifungo viwili, mwuza manukato mjini. Babu yake aliuza udi, baba yake aliuza udi, na hilo alilisema kabla hajasema jina lake.

"Ndiye huyu Bi Pua ninayemsikia? Haya mama, nionyeshe."

Bi Pua akashika kipande cha kwanza, akakipasha, akafumba macho. Nyuma yake: kohoo.

"Cha kwanza."

Mnunuzi akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Cha pili. Kohoo, kohoo. "Cha pili." Akakubali tena. Mambo yakaanza kuteleza kama siagi. Bi Pua akapata ujasiri hadi akaongeza madoido, akawa anainua kidole kimoja kabla ya kutamka.

Bahati mbaya mwenyekiti, kwa kutaka sherehe, alikuwa ameweka chetezo cha makaa karibu na mlango, na upepo ukageuka. Moshi wote ukamwendea mkwe kooni. Kohoo, kohoo, kohoo, akaendelea, akainama, akashika magoti, mara nane kwa hesabu ya Bi Pua.

"Hiki," alisema Bi Pua polepole, "ni cha daraja la nane."

"La nane?" Redio alidakia. "Tangu lini? Madaraja si manne?"

Mkwe alishatoka nje anatafuta maji. Mnunuzi akacheka mpaka tumbo likatingisha meza.

"Mnaona? Udi wa shambani unawachanganya hata wenyewe! Udi wa kweli, jamani, ni wa porini." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa cha hariri, akakifunua. Ndani kulikuwa na kipande cheusi kinachong'aa. "Nina mtu ananiletea. Sasa sikilizeni, maana afisa wenu hayupo. Huu wangu hauna kibali. Wenu unacho. Tuuchanganye, usafiri pamoja kwa kibali chenu, na mimi nachukua mzigo wenu wote, hata hilo daraja la nane. Nani atajua?"

Mwenyekiti akajikuna shingo pale tai ilipokuwa inamkaba. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana haraka kama alivyopaswa.

"Bi Pua atuambie kwanza," alisema hatimaye. "Kama kweli wa porini unaupita wetu, tutafikiria."

Mnunuzi akafurahi. Akakata vibanzi viwili, kimoja chake na kimoja cha shamba, akaviweka juu ya makaa kila kimoja upande wake. Mioshi miwili ikapanda, ya buluu, imenyooka. Watu wote wakamgeukia Bi Pua.

Akainama. Akavuta pumzi. Ilikuwa kama kuchungulia kisima kikavu. Angeweza kusema "Wetu ndio bora," mambo yakaisha, na hakuna ambaye angembishia. Lakini katika maisha yake yote alikuwa amekosea mambo mengi kwa mdomo. Kwa pua hakuwa amewahi kusema uongo hata mara moja, ila asubuhi ile, na tayari ulikuwa unamwasha.

"Mimi sinusi," akasema.

"Unasemaje?" aliuliza mwenyekiti.

"Sinusi chochote. Siku ya tatu leo. Ni mafua. Mkwe wangu alikuwa ananikoholea."

Mwenyekiti akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, Mungu mkubwa. Bi Pua alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini kwa kuwa haikupasuka, aliendelea.

"Lakini pua si yangu peke yangu humu. Waulizeni hao." Akawaelekeza wachongaji. "Udi huu wanalala nao kwenye nywele. Njooni."

"Sisi?" Redio alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ushirika uanzishwe, hakuongeza neno.

Wakaja wamejikunyata. Wakainama mmoja mmoja, wakazunguka, wakarudia. Mkubwa wao, mama mkimya mwenye makovu ya patasi vidoleni, ndiye aliyeanza. "Wetu unaanza na utamu kama asali, halafu unatulia. Unakaa."

"Na huu wa bwana?"

Akasita. "Unisamehe baba. Unaanza vizuri. Halafu unanuka dawa ya viatu."

"Dawa ya viatu!" Mnunuzi aliruka. "Babu yangu..."

"Dawa ya viatu kabisa," Redio akasema, ameshapata mawimbi. "Tena nyeusi."

Hapo Bi Pua akanyoosha mkono, akakiomba kile kipande cha kwenye hariri. Pua ilikuwa imegoma, lakini mikono haikuwa na mafua. Akakipima kiganjani: chepesi. Akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua kidole watu wakione. Kilikuwa cheusi kama cha mtu aliyetoka kupiga kura.

"Patasi," alisema.

Redio akakwangua mara mbili. Chini ya weusi ule kulikuwa kweupe pe, mbao tupu, laini, isiyofaa hata mpini.

Mnunuzi akakitazama. Akakigeuza. Akakikwangua upande wa pili kwa ukucha wake mwenyewe, kana kwamba upande huo ungemhurumia. "Magunia sita," alisema kwa sauti ndogo. "Ghalani kwangu. Magunia sita."

Wa kwanza kucheka alikuwa mchongaji mkimya, akajaribu kukizuia kicheko kwa kanga, kikampita. Baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Katikati ya vicheko hivyo ndipo afisa misitu alipoingia, daftari mkononi, matope miguuni.

"Visiki vyote vipo, miche yote ipo," alisema. Kisha akaona kilichokuwa mezani. "Na hiki kimetoka wapi?"

"Porini," mnunuzi alisema. "Yaani, nilidhani porini."

Afisa akavuta kiti, akafungua kalamu. "Kama ni cha porini, umevunja sheria. Kama si cha porini, umetapeliwa. Chagua mwenyewe niandike lipi."

Mnunuzi alifikiri kama mtu anayechagua jino la kung'olewa, mwishowe akachagua kutapeliwa. Akasimulia yote, jina la aliyemwuzia na njia anayopita, maana mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia huwa hana siri tena. Mwenyekiti alilegeza tai. "Na sisi tuliombwa tuchanganye," alisema kwa sauti, akimtazama afisa. "Tulichelewa kukataa. Sasa tumekataa." Aliyasema hayo uso umemwiva, na Bi Pua akamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa tai.

Madaraja yaliyobaki waliyapanga wachongaji watatu, Bi Pua akipima uzito na rangi pembeni. Cha daraja la nane kilikuja kuwa cha kwanza. Mnunuzi alichukua mzigo wote wa shamba, wa shamba tu, na mhuri ukagongwa. Njiani kurudi nyumbani mkwe alijaribu kuomba radhi kwa kikohozi chake, akashindwa kwa kucheka, na Bi Pua akamshika mkono asije akaanguka mtaroni.

Harufu ilirudi wiki ya tatu, kidogo kidogo, kwanza sabuni, kisha mvua, kisha udi. Bi Pua akarudi mezani kwake na furaha ya bibi harusi. Ila sasa meza ilikuwa na viti vinne, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amewapandisha cheo wachongaji wote watatu. Akashika kipande cha kwanza, akakipasha, akafumba macho, akainua kidole.

"Cha kwanza."

"Cha pili," alisema mama mkimya.

"Cha pili," alisema wa katikati.

"Cha pili, tena kwa huruma," alisema Redio.

Bi Pua akawatazama kama wamemmwagia maji. Akatoka nje, akasimama kwenye vitalu vya miche, akang'oa magugu mawili ambayo hayakuwa na kosa lolote. Kisha akarudi, akakaa, akakishika tena kile kipande. Akanusa. Akanusa tena, safari hii bila kufumba macho.

"Cha pili," akasema, kwa sauti ya chini sana, ambayo Redio alijifanya hakuisikia ili airudie.