Wote Bonyezeni kwa Pamoja

Jukwaa lile nililichagua mimi, kwa hiyo msinitafutie mchawi. Bioinfomatiki, yaani kuzisoma jeni kwa kompyuta, nimeifundisha miaka sita kwa chaki, nikijaza ubao herufi A, T, G na C kama mwehu, kwa kuwa programu za maabara zilishakufa. Hatimaye mkuu wa idara akanipa neno la mwisho: "Mwalimu, Ijumaa kamati inakuja. Wanafunzi wakifanya kazi mbele yetu, somo linabaki. Wakishindwa, tunalifuta."

Njia zilikuwa mbili. Ama kila mashine iwekewe programu yake, mwanafunzi aandike amri kwenye skrini nyeusi. Ama tutumie jukwaa la mtandaoni, unabonyeza vitufe tu. Fundi wa maabara, mzee tuliyempachika jina la Babu Nyaya, alitaka ile ya kwanza.

"Binti yangu, maabara nzima inatokea mlango mmoja wa mtandao," alisema. "Huko mnakokwenda, nyote mtaonekana mtu mmoja."

"Babu, wewe ungeachiwa tungeandika kwa mkaa!"

Walimu wenzangu wakaangua kicheko. Naye akacheka, maskini. Mimi nilikuwa nimelijaribu nyumbani siku tatu, likafanya kazi vizuri mno. Nyumbani nilikuwa peke yangu! Hilo wala halikunijia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa wanafunzi arobaini walikaa tayari, kamati ikajipanga nyuma na madaftari yao.

"Haya, wote bonyezeni kwa pamoja," nikasema kwa madaha.

Skrini ya kwanza ikaandika: Umefungiwa saa moja, maombi ni mengi mno kutoka anwani moja. Ya pili vilevile. Ikaenda safu kwa safu. Jukwaa lilituona kama mhuni mmoja anayegonga mlango mara arobaini. Lahaula! Nikabonyeza mwenyewe, nikabonyeza tena kwa hasira, na kila nikibonyeza ile saa moja inaanza upya. Babu Nyaya alisimama mlangoni akiziangalia skrini. Afadhali angenizomea.

Mkuu wa idara alivumilia dakika ishirini, akafunga daftari.

"Pole, Mwalimu. Muhula ujao utafundisha kuandika barua kwa kompyuta."

Wakaondoka. Wanafunzi nao wakatoka mmoja mmoja, wengine wakikwepa kuniangalia. Alibaki msichana mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa amepanga mradi wake wa mwaka wa mwisho juu ya somo hili. Nilikaa naye. Niliona aibu, na nilijichukia.

Saa moja ilipopita akaruka kitini. "Mwalimu, imefunguka! Njoo uone!"

Jeni zilikuwa zimepangwa mstari kwa mstari, tofauti zimewekwa rangi, sawasawa kabisa. Alikuwa ameifanya kazi yote peke yake.

"Zima mashine, mwanangu," nikamwambia.

"Nihifadhi kwanza?"

"Hakuna haja."