Nyasi Zilizomfunika Sonia

Mume wangu Appolinaire akikuambia "nusu saa tu", wewe injika maharage. Yataiva, mtakula, na yeye bado ameinamia injini. Jumamosi ile nilimwambia wazi kwamba sina nusu saa ya kumpa. Jumatatu basi lingetuchukua kwenda Kampala, na kutoka Kampala ni ndege ya kutuhamishia ng'ambo, na ndege ile hairudi na mtu. Nilitaka kuliona kaburi la mwanangu kabla ya kuondoka. Basi. Sikuomba kingine.

Sonia alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Nilitoka naye Fizi, Kongo, mgongoni, akafia hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwa homa, mwaka wetu wa kwanza. Siku zake za mwisho alikuwa hapokei kitu ila chai ya mchaichai, kwa hiyo tulipomzika nilipanda shina la mchaichai upande wa kichwa. Msalaba wa mti unaliwa na mchwa, mchaichai hawaugusi. Baadaye tukahamia Mbarara, Appolinaire akapata kazi ya kukata majani ya maafande kwa mashine, na miaka ikapita. Mungu alitupa watoto wengine, lakini mpaka leo naitwa Mama Sonia.

Wiki moja kabla ya safari nilirudi kutazama, nikakuta nini? Nyasi! Fasi yote ya makaburi nyasi, zimefika magotini, na mchaichai nao si nyasi tu? Utautambuaje humo? Appolinaire hawezi kufyeka, mkono wake wa kulia ulivunjwa kule Kongo ukaungana vibaya. Ndipo Ketty, mke wa Afande Byaruhanga, mmoja wa maafande wale wa Mbarara, akatuazima mashine yake ya kukatia majani.

"Nyabo, mama, chukua tu," aliniambia. "Mtoto ni mtoto. Lakini hiyo mashini iko na shida. Inapanda, inashuka, halafu inazima."

Alisema kweli. Tulipoishusha makaburini Appolinaire alivuta kamba, ikapanda mpaka nikaziba masikio, ikashuka ikabaki kunung'unika, ikapanda tena. Akiisukuma kwenye nyasi, imekufa.

"Bensini haifiki," akasema. Akafungua kabureta, akazibua katundu ka kupitishia bensini kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli, akafunga. Ikapanda, ikashuka.

"Baba Sonia, jua linakwenda!"

"Ngoja, Mama Sonia. Iko nakunywa upepo fasi fulani."

"Inywe upepo, inywe pombe, mimi nataka mtoto wangu!"

Injini ikiwa inaunguruma, akapaka oili kwa kidole pale kabureta inapoungana nayo, na alipofika upande wa chini mlio ukatulia. Karatasi ngumu ya kuzibia pale ilikuwa imepasuka, upepo ukaingilia humo. Akakata nyingine kwenye boksi la sabuni, akailowesha oili, akaifunga, akavuta kamba.

Jamani! Mlio mmoja tu, hauyumbi. Nilipiga vigelegele makaburini, Mungu anisamehe. Tukaisukuma pamoja, yeye kwa mkono wake mzima, mimi upande wa pili, na hatukwenda mbali harufu ya mchaichai ikatupanda puani. "Zima! Ni yeye!" Nikapiga magoti, nikalishika lile shina lililokatwa, nikalia kilio nilichokuwa nimekibeba miaka yote ile.

"Mama Sonia," Appolinaire akaniita polepole. "Na hili je?"

Palikuwa na shina lingine, karibu tu. Tukawasha, tukakata, na mbele kukawa na lingine.

Hapo nikakumbuka. Mwaka ule watoto walikufa wengi, na kila mama aliyezika alikuja kwangu. Annonciata alikuja, mama yake Déo alikuja. "Mama Sonia, nimegee kashina." Kwetu mche hauombwi ukanyimwa, sembuse mche wa kaburi. Niliwamegea lile la Sonia, nao wakapanda upande wa kichwa kama mimi. Nilipohamia Mbarara wakawamegea wengine, na hao wengine wakawamegea wenzao. Sikujua. Nyasi ndizo zilikuwa zinanificha wingi wao.

Appolinaire aliuliza kama tuache. Nikamwambia akate. Alikata mpaka mwisho wa makaburi, na mashine haikuzima hata mara moja. Vishina vikabaki wazi, mstari kwa mstari, na uwanja mzima ukanuka chai.

Nilikwenda kwenye kila kimoja, nikainama, nikakigusa. "Sonia, mama anaondoka." Najua wengine walikuwa Déo, na watoto wa watu nisiowafahamu. Nao niliwaaga kwa jina hilohilo, ningefanyaje? Mmoja wao alikuwa wangu, na sitajua kamwe ni yupi.