Breki ya Mkono

Bi Kijakazi alifaulu mtihani wa udereva akiwa na ugonjwa wa kusahau, na nyumbani kwake hakuna aliyefurahi.

Daktari alipompa jina la maradhi yake, yeye mwenyewe ndiye aliyewaarifu wakubwa wa leseni, maana ndiyo sheria. Wakampeleka kupimwa barabarani. Mpimaji, mama mmoja wa Kizungu asiyecheka, alikaa naye garini asubuhi nzima, kisha akasema anaendesha vizuri. Akapewa leseni ya mwaka mmoja, ukiisha apimwe tena. Naye akajiwekea sharti lake: kiza kikiingia, haendeshi.

Lakini binti yake, Miska, akaacha kumpa wajukuu awachukue skuli. Na mumewe, Soud, ambaye tangu wahamie ughaibuni, hapo Hounslow, hajawahi kushika usukani, akaanza kupanda basi hata kwenda msikitini.

"Nanyoosha miguu," alisema, na huku goti bovu analiburura.

Jumamosi moja Haifa, mdogo wake Kijakazi aliyekaa Harrow, alikuwa ametoka hospitali. Kijakazi akampikia biriani.

"Tupande basi, Mama Miska," Soud akasema.

"Na sufuria hili utalipakata wewe?"

Soud akaingia garini. Hawajautoka mtaa wao, akaanza. "Taa hiyo! Mtu huyo! Polepole!" Kijakazi alikuwa ameshaiona taa, ameshamwona mtu, na polepole yake ilikuwa imeshawaudhi walio nyuma.

"Baba Miska, ninyamazie niendeshe."

"Nakusaidia tu."

Kwenye kiplefti kikubwa, pale magari yanapozunguka, Kijakazi aliona lori likija kutoka kulia, liko mbali, akaingia. Soud akadhani hakuliona. Akaidaka breki ya mkono, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Gari likaserereka, likazimika katikati ya njia. Lori likafunga breki, likasimama karibu hata wakamwona dereva akitukana nyuma ya kioo. Kwenye kiti cha nyuma sufuria likapinduka.

Kijakazi aliliwasha gari, akaliondoa pale, akaegesha kwenye kituo cha petroli. Akamgeukia mumewe.

"Ningefanya mimi hivi, leo hii mngeninyang'anya funguo."

"Nilidhani hukuliona."

"Nililiona kabla yako! Nikitafuta miwani, ni ugonjwa. Wewe ukitafuta miwani, ni miwani imepotea!"

"Juzi ulitia chumvi mara mbili."

"Na ukala! Chumvi na barabara wapi na wapi?"

Soud akatazama chini. "Naogopa, mke wangu. Siku utakayoshindwa, nani atatuambia?"

Swali hilo likamtia Kijakazi hasira zaidi. "Nenda nyuma," akasema. "Ushike sufuria."

Karibu na Harrow barabara waliyoizoea ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na mishale ya njano ikawapeleka kwenye mitaa ambayo Kijakazi hakuitambua. Akawasha indiketa, akasimama pembeni.

"Hapa sipajui," alisema, na kila neno lilimuuma. "Fungua ramani kwenye simu. Uniambie kushoto au kulia, basi. Breki niachie mimi."

Soud akamsomea njia kutoka kiti cha nyuma, nguo imejaa wali, mpaka mlangoni kwa Haifa.

Walipokuwa wanachota biriani iliyosalia, Miska akapiga simu. Soud akamwambia kweli: "Tulikosakosa kugongwa, mwanangu, na aliyeleta balaa ni mimi. Nilivuta breki."

Miska akajibu kwa Kiingereza, sauti ikisikika chumba kizima, kwamba basi, imetosha, leo anakuja kuchukua funguo za mama yake.

"Umenisikia? Nimesema ni mimi."

Miska akarudia yale yale. Kijakazi akafunika sufuria kwa kishindo hata Haifa akashtuka kitandani.

Waliondoka jua lingalipo. Soud alikaa mbele, akimsomea ramani kwa sauti njia nzima ya kurudi, hata mitaa ambayo mkewe aliijua kuliko jina lake. Mara mbili Kijakazi alitaka kumwambia anyamaze. Akafuata njia aliyosomewa.

Gari la Miska lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya nyumba, pale pale mama yake anapoegesha siku zote. Kijakazi akaweka lake nyuma yake, sawasawa na ukingo wa njia, akazima. Miska akatoka, akaja dirishani, akanyoosha mkono.

Kijakazi hakufungua kioo.