Mgema wa Njia ya Ndege

Kila Jumamosi saa nne kasorobo Kahonzi hufika kwenye lango la kiwanja kipya cha ndege cha Tezo akiwa na kibuyu cha pombe ya mnazi. Askari humpa daftari, naye huandika jina lake na jina la anayemtembelea, yaani marehemu mumewe Masha. Kisha huambiwa asiingie.

Koma ya Masha, kigogo kilichochongwa na kufungwa kitambaa ili roho yake ikae humo, imesimama ndani ya ua, mwisho wa njia ya ndege. Kwa Wagiriama koma ikishasimikwa haing'olewi. Ahamaye huhama peke yake. Kampuni ya kiwanja ilipolitwaa shamba lao, mabwana walimwambia Kahonzi kwamba mzee atabaki palepale, naye ataingia siku yoyote apendayo. Waliyasema hayo kwa mdomo, wakila mahamri yake, na kwao Kahonzi neno lililosemwa mbele ya chakula halidaiwi karatasi. Kutodai karatasi ndilo kosa alilofanya.

Hatua tatu kutoka kwenye koma uliwekwa mtambo wa kuongoza ndege zinapotua katika mvua na ukungu. Hutuma mawimbi, na mbele ya rubani mishale miwili humwonyesha kama yuko katikati ya njia na kama anashuka sawa. Masika yalipoingia, fundi Musyoka alifungua sanduku la mtambo huo akakuta mchwa wamemaliza nyaya. Haukuwa umewaka tangu siku ulipozinduliwa kwa hotuba na ngoma. Ndege kumi na saba zilikuwa zimeshatua mvuani, zote katikati ya mstari. Marubani walipoulizwa walisema mishale haikusogea kamwe, ila kulikuwa na mzee kwenye redio.

Masha alikuwa mgema. Aliwafundisha wengi kushuka kwenye mnazi uliolowa, yeye amesimama chini akisema nao hatua kwa hatua. Marubani nao aliwashusha vivyo hivyo. Meneja wa kiwanja alifuta agizo la nyaya mpya.

Wiki ya tatu ya masika sauti ya Masha ilikauka. Ndege moja ilizunguka kiwanja mara nne, ikakata tamaa, ikaenda kutua Mombasa.

"Ana kiu," Kahonzi alimwambia Musyoka langoni. "Tangu mumzungushie waya, ni nani aliyemmiminia hata tone?"

Musyoka alipeleka habari, na meneja akaingiza mnazi katika orodha ya matengenezo, kila Jumamosi, baada ya kufyeka nyasi. Kahonzi alivaa leso aliyoitunza tangu matanga ya mumewe, akaja. Askari alipokea kibuyu, akamwacha yeye nje. Karibu na mtambo mtu asiye fundi haruhusiwi, kwa kuwa huvuruga mawimbi. Mtambo ulikuwa umekufa, lakini kanuni yake ilikuwa hai.

Basi Musyoka, Mkamba wa watu, ndiye anayemimina. Huchuchumaa, husoma kutoka kwenye fomu, "Masha, kifaa namba nne," humimina, hutia sahihi. Masha hunywa na kufanya kazi.

Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa kubwa. Musyoka alirudisha kibuyu kitupu langoni, asimtazame mama huyo usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amesema neno?"

"Amesema."

"Nambie."

"Anauliza umeolewa na nani, hata humtembelei."

Kahonzi alikitazama kibuyu.

"Nawe ukamjibu nini?"

"Fomu haina mahali pa majibu, mama."

Ndege ya saa nne ilikuwa mawinguni, haionekani. Kahonzi alisimama kwenye waya, leso imemganda mwilini, akaisikia sauti aliyoishi nayo miaka thelathini na mmoja. Kushoto kidogo, ilisema. Taratibu. Usiogope, nipo hapa chini. Ilikuwa ikisema na watalii.

Alingoja hadi wote wakashuka, kisha akachukua kibuyu chake akaenda kuagiza mnazi wa Jumamosi ijayo.