Jasho la Waridi

Linah Chesang alikuwa akifua shati lake la kazi kwenye karai, nyuma ya ploti aliyopanga na mumewe huko Kamere, povu lilipoanza kunukia waridi. Haikuwa harufu ya waridi pekee. Ndani yake mlikuwa na ubichi fulani, kama mtu amefikicha majani ya nyanya na mnanaa pamoja kiganjani. Linah alimwaga maji, akateka mengine. Yakanukia vilevile. Akajinusa kwapa, akaelewa kwamba sabuni haikuwa na makosa.

"Hata mimi," akasema Wangui, jirani yake, aliyekuwa akianika shuka. "Nilidhani ni kichwa changu kimeharibika."

Wawili hao walikata maua katika grinihausi moja ya plastiki, kwenye shamba linalopakana na ziwa. Maua yenyewe hayakunukia hata kidogo. Yalikuwa yamezalishwa ili yasafiri mbali na kukaa mezani kwa watu muda mrefu bila kunyauka, na harufu ilikuwa imeachwa njiani. Alfajiri wapigaji dawa waliingia wakiwa na barakoa na mabuti. Wakitoka, kibao chekundu kiliachwa mlangoni, maana yake mtu asiingie mpaka majani yakauke. Lakini ndege ya mizigo haingoji majani. Muturi, supavaiza, alikigeuza kibao, akapuliza kipenga, na wanawake wakaingia huku matone yakiwadondokea shingoni.

Haukupita muda, wanawake wote wa grinihausi ile wakawa wananukia. Mwanzoni majirani walifurahi. Choo cha shimo cha ploti, ambacho zamani uliingia ukiwa umebana pumzi, sasa kilijaa waridi na majani mabichi, na mwenye ploti alipoleta wapangaji wapya alianza kwa kuwaonyesha choo. Kanisani watu waligombania benchi lililo nyuma ya akina Linah.

Linah mwenyewe alikinai. Ugali ulinukia waridi kwa sababu mikono yake ilinukia. Sukuma wiki ilikuwa na ladha ya sabuni ya hotelini. Jipu lilimtoka pajani, na alipolikamua, usaha ulitoka kijani kibichi, wenye harufu nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kujipaka. Akatapika. Matapishi nayo yakanukia, akatapika tena. Kimeli, mumewe, alihamishia mto wake upande wa miguu.

"Si wewe," alimwambia kwa upole. "Ni kama nimelala ndani ya duka la vipodozi. Kichwa kinaniuma."

Lililomwumiza zaidi lilikuwa la mtoto. Kipkemoi alikuwa hajaota jino, na alikuwa mnyonyaji hodari. Siku moja alishika titi, akaonja, akakunja uso na kugeukia ukuta. Linah alikamua maziwa kidogo kwenye kikombe. Yalikuwa na ukijani hafifu, kama maji yaliyochemshiwa mboga ya managu. Alimlazimisha mtoto, mtoto akameza, kisha akayarudisha yote kwenye shali.

Alikipeleka kikombe kwa Makhanu, daktari wa zahanati ya shamba. Makhanu alikinusa, akakiweka mbali na chai yake.

"Hii nimeiona kwa wengi," alisema. "Mpe maziwa ya ng'ombe. Ongeza maji."

"Na mimi je?"

"Wewe unanukia vizuri, mama."

Ndipo alipokuja Sue. Alitumwa na kampuni ya manukato ya Nairobi iliyokuwa imesikia habari zao. Alipita kati ya mistari ya maua akiwafuta wanawake shingo na makwapa kwa vitambaa vya pamba, kisha akavitumbukiza kwenye mitungi ya kioo yenye spiriti. Hakuwa mtu mbaya. Kila mara aliomba ruhusa kwanza, na wote aliwaita dada.

"Perfume za rose za zamani ni za shosho, za nyanya zetu," aliwaeleza. "Hii ni modern. Ni rose, lakini iko green. Iko na majani, iko na ka-uchungu kidogo."

Linah alimngoja mlangoni, shali la mtoto likiwa begani.

"Madam, tuongelee na Muturi. Atuache nje mpaka dawa ikauke. Mtoto wangu amekataa titi. Wangui naye anakohoa usiku na mchana."

"Tulijaribu hiyo, dada," Sue akasema, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. "Kwa ile grinihausi ingine. Mkingoja ikauke, harufu inapotea." Kisha akaliona shali. "Naweza?"

Aliligusa pale matapishi ya Kipkemoi yalipogandia, akalileta puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Wah! Hii ndio kitu tumekuwa tukitafuta."

Linah alimpokonya. Mdomo ulimjaa mate ya kichefuchefu, akayatema chini, na mate hayo yakanukia vizuri pale vumbini. Sue aliyatazama, lakini kwa kuwa alikuwa na heshima zake, hakuinama.

Kesho yake kipenga kilipolia, Linah hakuingia. Alisimama nje karibu na mifereji ya maji, na Wangui akasimama naye. Wenzao waliwapita wakiangalia chini. Muturi hakufoka.

"Mama Kipkemoi, ukitaka kungoja, ngoja," alisema. "Lakini huko geti watu wa kutafuta kazi ni wengi, na hakuna mwenye anangoja."

Wangui ndiye aliyevunjika kwanza. Binti yake Abby alikuwa kidato cha nne, na karo ilimngoja mama. Wangui alijifunga leso mdomoni, akaingia. Linah alibaki peke yake hadi jua lilipopanda, akamfikiria ng'ombe ambaye sasa ndiye aliyemlisha mwanawe, na mwenye ng'ombe aliyetaka kulipwa, kisha yeye pia akaingia.

Kikohozi cha Wangui kilizidi. Makohozi yake yalikuwa ya kijani kilichoiva, na Sue alisema kwamba katika shamba zima hayakuwa na mfano. Alipoishiwa nguvu za kushika mkasi, walimpeleka kwao Kabazi, na huko akafa mvua za masika zikianza. Mwili ulilazwa mochari ya Nakuru. Wahudumu waliwauliza jamaa, kwa adabu, kama wangeweza kumwacha wiki moja zaidi.

Siku ya mazishi mchungaji alisema kwamba watakatifu hunukia hivyo. Sue alifika na shada la waridi za shamba, zisizonukia. Baada ya kaburi kufunikwa alimvuta Abby kando, akamwomba shuka aliyofia mama yake. Ilikuwa nyuma ya jikoni, imekunjwa, ikingoja kuchomwa.

"Abby, usimpe," Linah akasema.

"Auntie, si ni ya kuchomwa tu?" Abby alijibu. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Na ameuliza vizuri."

Shuka iliingia kwenye mtungi. Linah alienda katikati ya mahindi, akainama, akatapika mpaka hakuna kilichotoka ila hewa yenye waridi.

Manukato yalitoka kabla ya Krismasi, ndani ya chupa nyembamba zenye mfuniko wa kijani. Yalisifiwa sana. Kibao chekundu kiliondolewa mlangoni moja kwa moja, kwa sababu kilikuwa hakitumiki, na grinihausi ya akina Linah ikawa ndiyo inayotafutwa zaidi na watu wa kazi. Kipkemoi alikua kwa maziwa ya ng'ombe, mwembamba, mwenye kugeuza uso kila mama yake alipomwinamia. Kimeli alizoea kulala upande wa miguu.

Jioni moja, akitoka kazini, Linah alisimamishwa nje ya geti na mwanamke aliyejitambulisha kama Jepkorir, kutoka Subukia. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni.

"Mathe, wewe ni wa ile grinihausi ya harufu? Nasikia wanaandika watu kazi. Mtu huchukua muda gani ndio aanze kunukia?"

Linah alimtazama mtoto. Alikuwa mnene, amelala, midomo ikinyonya hewa.

"Bado ananyonya?"

"Bado."

Linah alifikiria barabara ya kurudi Subukia, na alichokuwa amekiacha huko mwanamke huyu mpaka akafika hapa. Akavuta pumzi, akainusa harufu yake mwenyewe.

"Mzoeshe kikombe kwanza," akasema.

Jepkorir alimshukuru kwa ushauri, akamkaza mtoto mgongoni, akaenda kupanga foleni.