Nyota za Si Mfeddal

"Siwezi, Fettouma. Mwambie mwenye nyumba atafute fundi mwingine."

Mzee Mfeddal, au Si Mfeddal kama walivyomwita kwa heshima, aliusukuma ubao kando. Ilikuwa wiki ya pili tangu aache bangi, maana kikohozi kilimtikisa hadi brashi ikawa inaruka mstari, na tangu siku hiyo alikuwa hajachora nyota hata moja. Mji mzima wa Shefshauen uliijua kazi yake: dari za mbao zenye nyota za pembe nane, zimeshikana kama wacheza ngoma. Yeye aliamini nyota zile zinatoka kwenye kiko. Miaka thelathini alivuta kwanza, akafumba macho, nazo zikaja.

Mkewe alikuwa akichambua maharage. "Kwani anataka dari ya namna gani?"

"Kama ile ya Haji Buziyan. Wallahi, siku zile nilikuwa nimelewa vizuri."

Fettouma alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Umelewa nini wewe! Ile ilikuwa Ramadhani. Adhuhuri mpaka magharibi unachora, tumbo tupu, umenuna, unamgombeza hata paka. Kiko kilikuwa kabatini, na ufunguo ninao mimi."

Mzee alibisha, kisha akaanza kukumbuka. Dari ile, Ramadhani. Mlango wa zawiya ya masufi, ule uliomtoa machozi yeye mwenyewe, Ramadhani pia. Alifurahi, halafu ikamuuma. Miaka yote hiyo alikuwa akikishukuru kiko kwa kazi ya mkono wake.

Alasiri akaenda mkahawani kwa rafiki yake Absalam, mfuga mbuzi, aliyekuwa ameshajaza kiko kama kawaida. Akamsimulia yote.

"Sasa tumekuwa tukivuta ya nini?" Absalam aliuliza, ameduwaa.

Mfeddal alifikiri. Harufu ile tamu ilimvuta, hakutaka kujidanganya.

"Mimi nadhani ni kwa ajili yako. Bila kiko, nani angekaa mchana kutwa akisikiliza habari za mbuzi?"

"Mjinga mkubwa! Na mmoja amezaa mapacha, hata hujauliza."

"Haya, njoo kesho karakanani unieleze. Ila moshi uache huku."

Kesho yake Absalam alifika na birika la chai ya nanaa. Kiko chake kilikuwa mfukoni. Akakigusagusa, akakiacha humo humo. Akaketi kizingitini, akaanza na yule mbuzi mweusi.

Mfeddal alichovya brashi yake ya nywele za mkia wa punda. Hofu ilimshika, akasubiri ipite, akavuta pembe ya kwanza. Ilipinda kidogo. Ya pili ikanyooka. Rafiki yake alipofika kwenye mapacha, pembe tano zilikuwa zikimeremeta kwa rangi mbichi.

"Na yule dume je?" Mfeddal aliuliza bila kuinua macho, brashi imeshagusa mahali pa pembe ya sita.